Kusoma kwa Sauti na Kusoma Kimya: Maneno Machache juu ya Historia ya Msomaji wa Kiswahili

Husemwa mara kwa mara, katika mikutano ya walimu na ya wachapaji wa vitabu, kwamba watu wetu hawana mazoea ya kusoma. Ushahidi unaoletwa ni idadi ya vitabu vinavyonunuliwa, ambayo kweli ni ndogo. Nia ya makala haya si kuikanusha idadi hiyo, bali kuuliza kwanza neno "kusoma" lina maana gani katika lugha yetu, na kitendo chenyewe kilikuwaje kabla kitabu cha chapa hakijaenea pwani. Nadhani hukumu hiyo yapima aina moja tu ya kusoma, nayo ndiyo changa kuliko zote tulizo nazo.

Tuanze na maneno yenyewe. Mswahili husoma gazeti na barua. Lakini pia husoma maulidi, husoma khitima, husoma dua, na huenda asiwe na karatasi yoyote mkononi. Katika matumizi haya yote, isipokuwa yale ya kwanza, sauti haikosekani, wala wasikilizaji hawakosekani. Neno "chuo" nalo lina habari yake. Zamani maana yake ilikuwa kitabu. Ndiyo sababu mtu aliyebobea katika elimu ya dini aliitwa mwanachuoni. Kutoka kitabu jina likahamia mahali kitabu kinaposomwa, hata leo twasema "chuo kikuu" bila kukumbuka kwamba tumetaja kitabu. Lugha iliyofanya kitabu na mkutano wa wasomao kuwa neno moja haikukidhani kitabu kuwa kitu cha mtu mmoja faraghani.

Sababu moja ya hali hiyo yapatikana katika mwandiko. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lugha yetu ina irabu tano, lakini alama za Kiarabu za irabu fupi ni tatu tu: fataha, kasra na dhuma. Kasra ilibeba i na e, na dhuma ikabeba u na o. Katika konsonanti shida ilikuwa hiyo hiyo. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ya be kwa sauti za b, p na mb, kwa hiyo maneno bata, pata na mbata yaweza kuandikwa kwa sura moja. Msomaji hakuweza kuyatambua kwa macho peke yake. Ilimlazimu kulitamka neno, kulipima kwa mizani minane ya kipande cha utenzi, kulisikiliza kama lapatana na vina, kisha ndipo aamue. Na aghalabu aliamua upesi kwa kuwa alikwisha kuusikia utenzi huo ukisomwa na mwingine. Hati ilikuwa msaidizi wa kumbukumbu; haikusimama mahali pake.

Jambo hili nililifahamu kwa vitendo kabla ya kulifahamu kwa elimu. Bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa mji mmoja wa pwani ya kaskazini ya Tanzania, alikuwa na daftari lenye tenzi chache zilizonakiliwa kwa mkono, na miongoni mwao ulikuwamo Utenzi wa Mwana Kupona. Utenzi huo ulitungwa na Mwana Kupona binti Msham wa Pate, yapata mwaka wa 1858, kwa ajili ya binti yake, ukaenea kwa kunakiliwa na kusomwa baina ya wanawake. Usiku wa kuamkia Ijumaa majirani walikuja uani kwetu, bibi akafungua daftari, akasoma kwa mahadhi, nao wakampokea. Nilikuwa kama na umri wa miaka kumi siku alipokwenda katika ofisi moja kujaza fomu. Karani alimpa karatasi iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi, akamwona ameiduwalia, akaandika mbele ya jina lake: "Hajui kusoma." Bibi akatia dole gumba. Tulipokuwa njiani kurudi nilimwuliza kwa nini hakumwambia yule bwana habari ya daftari lake. Akanijibu, "Mjukuu wangu, yule hakuuliza."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, niliketi katika chumba cha kusomea cha maktaba moja kubwa mbele ya hati ya Kiswahili ya namna ile ile. Nilipofika kwenye beti ngumu nilijikuta nazitamka, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa mahadhi ya uani kwetu. Mtunzaji alikuja akanionyesha kwa adabu tangazo la kunyamaza. Nilinyamaza, na beti zikafunga milango. Siku hiyo nililazimika kunakili kwa mkono na kwenda kuzisomea chumbani kwangu.

Hati hizo zilifikaje huko? Nyingi zilinakiliwa kwa makusudi na waandishi wa pwani waliotumikia wataalamu wa Ulaya. Maarufu miongoni mwao ni Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, aliyewaandikia kina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Tunawiwa nao deni kubwa, maana kama si kazi yao mengi yangalipotea. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kilichosafiri ni karatasi. Sauti iliyokamilisha karatasi ilibaki nyuma.

Mwandiko wa Kirumi uliibadili hali hii kwa namna isiyotazamwa sana na wanahistoria wetu. Irabu zote tano zikapata herufi zake, na bata akatengana na mbata. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kukisoma kitabu asichopata kukisikia, peke yake, bila kufungua kinywa. Edward Steere wa misioni ya Unguja alitoa hadithi za Waunguja katika chapa mwaka wa 1870. Serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka wa 1923. Na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, kusanifisha lugha na kusimamia vitabu vya shule. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mmoja wa waliotafsiri hadithi za kusisimua za Kiingereza, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vizazi kadhaa vikapata humo ladha yao ya kwanza ya kitabu, ingawa ladha hiyo ilichaguliwa na wengine.

Hata hivyo sauti haikufa. Mambo Leo lenyewe lilifungua kurasa zake kwa mashairi ya wasomaji, na malenga walijibizana humo kama wajibizanavyo barazani. Mwaka wa 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha mmoja wao akawasomea wenzake kijitabu kilichoandaliwa, wakajadiliana. Waandaaji walifuata mafunzo ya elimu ya watu wazima; nami naona kwamba, wakijua au wasijue, walifuata pia desturi ya uani.

Wala sipendi kumdharau msomaji wa kimya. Nami ni mmoja wao. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka mwaka wa 1960, niliumaliza ndani ya chandarua kwa mwanga wa koroboi. Na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka wa 1965, niliiazima kwa mwenzangu kwa masharti ya usiku mmoja, ikiwa haina jalada kwa kupitia mikono mingi. Riwaya ya upelelezi yataka ukimya, kwa kuwa msomaji hushindana na Bwana Msa kuigundua siri, na mshindani hataki kelele. Lakini tazama kwamba hata kitabu kile kilinunuliwa mara moja na kusomwa na darasa zima. Mhesabu wa mauzo angeandika: msomaji mmoja.

Tahadhari moja yahitajika. Nisieleweke kwamba zamani kila mtu alisoma. Elimu ya chuo haikugawanywa sawasawa. Nyumba zenye nasaba na mali zilipata zaidi, na watumwa walipata kidogo au hawakupata. Shule ya herufi za Kirumi, pamoja na kasoro zake, iliwafungulia mlango wengi ambao chuo hakikuwafungulia. Ninachosema ni kwamba mlango wa pili ulipofunguliwa, makarani wetu waliufunga ule wa kwanza katika madaftari yao, na watu waliokuwa ndani wakaandikwa kuwa wajinga.

Kwa hiyo naomba wenzangu watafiti, watakapouliza tena habari za usomaji, wasiishie kuuliza mtu ana vitabu vingapi nyumbani. Waulize pia: Nani humsomea nani? Kwa mwandiko gani? Kitabu hiki kimepita mikononi mwa wangapi? Na waulize mapema, kwa kuwa wazee waijuao hati ya zamani wanapungua. Daftari la bibi ninalo mimi sasa. Beti zake nyingi nazisoma bila shida, lakini ziko tatu au nne ambazo sina hakika nazo, kwa kuwa sikuzisikiliza vizuri nilipokuwa mtoto, na hapana tena wa kunisahihisha.