POMBE NYUMBANI, SEHEMU YA 3: Je, ni lazima tusubiri mpaka aanguke kabisa?

 

Tangu sehemu ya kwanza swali linalorudi ni hili: "Sista, mume wangu hataki hata kusikia habari za hospitali. Nifanyeje?" Leo tulijibu kwa historia, maana ukijua wenzetu walijaribu nini na kipi kiligoma, hutapoteza miaka kukirudia.

Twende Marekani, mwaka 1935. Katika mji wa Akron, Ohio, Bill Wilson, aliyekuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, alikutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye bado ilikuwa inamsumbua. Wakaona kwamba mnywaji humsikiliza mnywaji mwenzake kuliko anavyosikiliza mahubiri. Hapo ndipo ilipozaliwa Alcoholics Anonymous, yaani AA. Vikundi vyake leo vipo mpaka huku kwetu Afrika Mashariki.

Lakini AA ilimsaidia yule aliyekwisha kukubali. Aliyebaki nyumbani na watoto je? Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill, pamoja na mwenzake mmoja walianzisha Al-Anon kwa ajili ya familia. Fundisho lake: si wewe uliyemfanya anywe, na huwezi kumwachisha kwa nguvu, kwa hiyo jitunze. Wake wengi walitua mzigo mzito hapo.

Shida ni kwamba enzi zile watu wengi waliamini mnywaji hasaidiki mpaka afike mwisho kabisa: kazi iishe, nyumba iende, mwili uchoke. Sasa wewe mwenye mtoto mgongoni utasubirije, wakati akishuka mnashuka wote?

Aliyeikataa imani hiyo ni padri wa kanisa la Episcopal huko Minnesota, Vernon Johnson, ambaye naye aliwahi kuzama kwenye pombe. Miaka ya 1960 yeye na wenzake waliwahoji watu kama 200 walioacha kunywa. Wakagundua kuwa hawakuacha kwa sababu ya siku moja ya muujiza. Ni matatizo yaliyorundikana mpaka wakalazimika kuyatazama. Johnson akauliza: kwa nini familia isiyalete matatizo hayo mbele yake mapema, kwa upendo? Ndivyo kilivyoanza kikao cha kushtukiza. Ndugu wanajiandaa, wanamkalisha, kila mmoja anataja alichokiona, na nafasi ya matibabu iko tayari.

Aprili 1978 familia ya Betty Ford, mke wa rais mstaafu Gerald Ford, ilimfanyia hivyo kwa sababu ya pombe na dawa za maumivu. Mwanzoni alikasirika sana, lakini akakubali kutibiwa. Mwaka 1982 akafungua kituo cha tiba chenye jina lake, California.

Hadithi nzuri, si ndiyo? Ila nyumba nyingi hazifiki huko. Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na mwenzao walitoa utafiti wa New Mexico uliohusisha wanafamilia 130 ambao wapendwa wao walikataa tiba. Waligawanywa katika njia tatu. Waliofuata njia ya Al-Anon, asilimia 13 walifanikiwa kumfikisha mtu wao kwenye matibabu. Waliofuata njia ya Johnson, asilimia 30. Wengi wao hawakukifanya kile kikao kabisa, walisita. Njia ya tatu ilifika asilimia 64.

Hiyo ya tatu inaitwa CRAFT, na Meyers ndiye aliyeikuza. Yeye mwenyewe alilelewa na baba mnywaji. Haina kikao wala vitisho. Inamfundisha aliyeko nyumbani mambo haya:

• Chunguza anakunywa lini, wapi, na nani, na baada ya nini. Mshahara? Ugomvi?

• Akiwa mzima, mpe muda wako: chakula mnachokipenda, maongezi, matembezi na watoto. Akilewa, ondoka taratibu bila kugombana. Mlevi hasikii, na kesho hakumbuki.

• Usimfunike. Usimpigie bosi simu kusema anaumwa. Usilipe deni la kilabuni.

• Subiri mlango ufunguke: siku amejiaibisha na anajuta, au mtoto amemuuliza swali gumu. Hapo ndipo umwambie kwa upole, na uwe unajua tayari mnaenda wapi na siku gani.

• Rudisha maisha yako: marafiki, kikoba, ibada, usingizi.

Na kuna jambo la kufariji katika utafiti ule: kwa njia zote tatu, wanafamilia wenyewe walipata nafuu, hata pale mnywaji alipokataa. Kwa hiyo ukianza kutafuta msaada, hupotezi kitu.

Sasa nizungumze kama nesi. Kwanza, kama anakupiga, usijaribu lolote kati ya haya peke yako. Usalama wako na wa watoto unatangulia. Tafuta pa kwenda, mwambie mtu unayemwamini, nenda dawati la jinsia polisi. Pili, anayekunywa sana kila siku asiachishwe ghafla nyumbani, msimfungie chumbani. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Mleteni hospitali aachishwe kwa dawa.

Vikao vya ukoo sote tunavijua: mjomba anafoka, shangazi analia, mtu anaapa mbele ya wazee, na Jumamosi yuko kilabuni. Kama mmevifanya mara tatu na hakuna kilichobadilika, wewe hujashindwa. Badilisheni njia.

Sehemu ya 4 nitaeleza siku ya kwanza hospitalini: tunauliza nini, tunapima nini, na wewe uje na nini. Mtumie dada yako mwenye mzigo huu, asome akiwa ametulia.