Wiki Mbili ama Miaka Miwili? Historia ya Tiba ya Mambo ya Chumbani

Wasee, tuongee ukweli. Tembea tao dakika tano tu, utaona kibango kwa nguzo ya stima: nguvu za kiume, kurudisha mpenzi, kesi za korti. Namba moja, shida zote. Lakini uliza mtu mwenye shida ya chumbani aanzie wapi kupata usaidizi wa kweli, kila mtu ananyamaza. Vikao vitatu vya ushauri vinatosha, ama anahitaji tiba ndefu ya kuchimba hadi utotoni? Hilo swali lina zaidi ya miaka mia.

Mwaka wa 1919, daktari Magnus Hirschfeld alifungua Taasisi ya Seksolojia jijini Berlin. Watu wa kawaida walienda kuuliza kuhusu ndoa, kupanga uzazi na magonjwa ya zinaa, wakajibiwa bila kuhukumiwa. Mei 1933 Wanazi waliivamia, vitabu vyake vikachomwa. Kule Vienna nako, Sigmund Freud na wafuasi wake walishikilia kwamba shida ya kitandani ni moshi tu, moto wenyewe uko utotoni. Kwao ungelala kwa kochi na kuongea mara kadhaa kwa wiki, pengine miaka.

Halafu 1970, daktari William Masters na mwenzake Virginia Johnson wa St. Louis, Marekani, wakatoa kitabu Human Sexual Inadequacy. Mpango wao? Wiki mbili. Wapenzi walikuja pamoja na kuonana kila siku na watibu wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanzoni walikatazwa tendo lenyewe. Kazi yao ilikuwa kugusana polepole, bila presha ya kufika popote. Sababu ni kwamba hofu ya kushindwa ndiyo huleta kushindwa: uko uwanjani lakini unajitazama kama refa. Waliripoti kwamba ni kama mmoja tu kati ya watano ambaye hakusaidika. Na kama mtu aliyeacha chuo, hapa lazima niringe kidogo: Johnson hakuwahi kumaliza digrii.

Lakini wengine walikuwa na maswali. Helen Singer Kaplan wa New York aliona mazoezi mafupi yanasaidia wengi, ila kuna wale wanakwama, hasa waliopoteza hamu kabisa. Chini kulikuwa na hasira, aibu, vitu vya zamani. Kitabu chake cha 1974 kiliunganisha njia zote mbili: anza na mazoezi, ukigonga mwamba, chimba. Mwaka wa 1976 Jack Annon akachora ngazi nne: kumpa mtu ruhusa ya kuongea, kumpa maelezo machache, kumpa mapendekezo ya shida yake, na mwisho tiba ya kina. Si kila mtu anahitaji kupanda hadi juu. Kisha 1980 Bernie Zilbergeld na Michael Evans wakauliza swali chungu: Masters na Johnson walipimaje huo ufanisi wao?

Na tusidanganyane ati haya ni mambo ya wazungu pekee. Huko Pwani, bibi harusi alikuwa na somo wake, wa kumfunza na kujibu maswali. Hizo ni ngazi za chini za Annon, na zilikuwepo kabla yake.

Sasa wewe uchague nini? Maoni yangu: kwanza muone daktari, kwa sababu kisukari, presha na hata dawa zingine huathiri mwili. Kama shida ni kukosa habari ama woga wa mara ya kwanza, vikao vichache vinaweza kutosha, usiuze simu kulipia mwaka mzima. Lakini kama uliwahi kudhulumiwa, ama vikao vimepita na hakuna kitu kimesonga, vidokezo havitakusaidia. Hapo tafuta mtu wa tiba ya kina, na usione haya.

Na kabla hujalipa, uliza: tutahitaji vikao vingapi, na tutajuaje vimefanya kazi? Mshauri wa maana atakujibu, na akifika mwisho wa uwezo wake atakuelekeza kwa mwingine. Wa kibango atakuambia tu utume pesa.