Bunge la Uingereza: Michoro ya ukutani iliyoshindwa na moshi wa London

Mfalme wa Uingereza akienda kufungua Bunge, akishavaa taji na joho anapita kwenye chumba kirefu kinachoitwa Royal Gallery. Kwenye TV macho ya wengi yanabaki kwenye taji. Lakini kuta mbili za chumba hicho zina michoro mikubwa inayotazamana, kila mmoja una urefu wa zaidi ya mita 13. Na ukiiangalia vizuri, imefifia.

Hiyo bado ina afadhali. Mingine ndani ya jengo hilo ilianza kubanduka wachoraji wake wakiwa hai.

Ilikuwaje?

Oktoba 16, 1834, moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo la zamani. Wakati jipya likijengwa kwa ramani ya Charles Barry, mwaka 1841 iliundwa tume ya kusimamia mapambo, mwenyekiti akiwa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Wakachagua fresko, mtindo uliotamba Italia.

Fresko haina mchezo. Fundi anapiga lipu ya chokaa kipande kidogo tu, mchoraji anapaka rangi ya maji kabla haijakauka. Chokaa ikishika hewa inakuwa ngumu na kuifungia rangi ndani. Kazi ya leo lazima iishe leo. Ukikosea, unabandua lipu na kuanza upya.

Shida ni kwamba London ya wakati ule ilikuwa na unyevu, taa za gesi na moshi wa makaa ya mawe kila kona. Salfa ya kwenye moshi ikikutana na unyevu inatengeneza asidi, na asidi inakula chokaa. (Waliokulia kwenye nyumba za zamani za Unguja au Lamu wanajua chokaa na unyevu haviivi chungu kimoja, na huko hakuna hata moshi wa viwanda.)

Ukumbi uliopambwa kwa hadithi za washairi wa Kiingereza ndio ulioumia zaidi. William Dyce naye alipewa chumba cha kuvalia cha Malkia mwaka 1848, achore visa vya Mfalme Arthur. Alifariki 1864 kazi haijaisha: kati ya michoro saba iliyopangwa, ipo mitano.

Maclise akaenda Ujerumani

Daniel Maclise, mzaliwa wa Cork, Ireland, ndiye aliyepewa Royal Gallery. Alianza na fresko, ikamshinda. Mwaka 1859 akaenda Ujerumani kujifunza njia nyingine: unachora kwenye lipu iliyokauka, halafu unapulizia kimiminika cha silika kinachogandisha rangi. Akarudi, akaanza upya.

Mchoro wa Wellington na Blücher wakikutana baada ya vita vya Waterloo aliumaliza 1861. Wa kifo cha Nelson pale Trafalgar, 1865. Mpango ulikuwa ajaze chumba kizima, lakini mingine ikafutwa. Alifariki 1870, na dawa ya Ujerumani nayo haikuzuia rangi kupauka.

Baadaye watu walijifunza. Michoro ya Ukumbi wa St Stephen's, iliyozinduliwa 1927, ni ya rangi ya mafuta kwenye turubai.

Cha kutafuta ukifika

Kwa maoni yangu, wa Nelson ndio wa kusimama nao muda mrefu. Maclise hakuchora maofisa peke yao. Kuna majeruhi, kuna wanawake wanaohudumia watu ndani ya meli, na katikati ya vurugu yupo baharia mweusi ananyoosha mkono juu, akimwonyesha mwenzake alipo Mfaransa aliyempiga Nelson risasi. Jeshi la majini la Uingereza kweli lilikuwa na mabaharia weusi enzi hizo, ingawa picha nyingi za vita hazikuwaonyesha. Huyu yupo, karibu kabisa na Nelson, kwenye ukuta ambao kila mfalme anapita akienda kusoma hotuba.