Samaki wa bwawani hukua kwa kasi gani, na kwa nini Tukuyu huchelewa?

Swali la ufugaji wa samaki linaloulizwa sana hapa Bulyaga na vijiji vya jirani ni hili: "Nimeambiwa sato huvuliwa baada ya miezi sita. Wangu wana miezi minane na bado ni kama kiganja. Tatizo ni nini?"

Mara nyingi si ugonjwa. Ile miezi sita ni hesabu ya sehemu zenye joto. Tukiifuata hapa bila kuirekebisha, tunaishia kununua chakula ambacho hakirudishi fedha yake.

Joto la maji

Mwili wa samaki hauna joto lake kama wa ng'ombe au kuku. Maji yakipoa, naye hupoa, chakula husagika polepole na hamu ya kula hupungua.

Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 26 na 30. Hapo, akilishwa vizuri, hufikia gramu 250 hadi 300 kwa miezi sita hivi. Chini ya nyuzi 20 ukuaji hushuka sana. Zikifika kama 16 karibu anaacha kula, na zikikaribia 10 hufa.

Sasa tuangalie kwetu. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana bwawa la Kyela na bwawa la Bulyaga haliwezi kutoa samaki kwa tarehe moja, hata vifaranga wakitoka shamba moja. Huku juu, mwaka mzima au zaidi si jambo la ajabu.

Unachoweza kufanya:

- Chimba bwawa mahali pa jua, mbali na kivuli cha migomba na miparachichi.
- Usiache maji ya mto yapite bwawani mchana na usiku. Maji hayo ni baridi, na huondoka na rutuba. Jaza, funga, kisha ongeza tu yale yaliyopungua.
- Panda vifaranga Septemba au Oktoba, joto linapoanza, ili wawe wamekua kabla ya baridi ya Juni na Julai.
- Siku za baridi punguza chakula, na ulishe mchana jua likiwa limewaka. Chakula kisicholiwa huoza na kuharibu maji.

Wingi wa samaki

Sato huanza kuzaa akiwa bado mdogo, mara nyingi akiwa na miezi michache tu kwenye maji ya joto. Bwawa la samaki 500 linaweza kujaa maelfu ya watoto, wote wanagombania chakula kilekile. Jike naye nguvu zake huenda kwenye mayai na kulea watoto mdomoni. Kwa hiyo dume hukua haraka kuliko jike, na wafugaji wengi hutafuta vifaranga madume watupu.

Kwa bwawa la kawaida la udongo, samaki wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba wanatosha.

Chakula na maji

Pumba peke yake hushibisha lakini hazijengi mwili vizuri. Samaki anayekua anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 30. Pumba zichanganywe na mashudu ya alizeti, soya au dagaa waliosagwa.

Kila mwezi vua samaki 20, uwapime pamoja. Wakiwa kilo 1, kila mmoja ana wastani wa gramu 50. Kama bwawani wapo 500, jumla ni kilo 25. Asilimia 3 ya uzito huo ni gramu 750, na hicho ndicho chakula cha siku. Kama uzito haukupanda tangu mwezi uliopita, tafuta sababu kabla ya kununua mfuko mwingine.

Samadi kidogo hufanya maji yawe ya kijani, nayo ni chakula cha samaki. Ingiza mkono hadi kwenye kiwiko: vidole vikionekana wazi, rutuba ni ndogo, mkono ukipotea mapema, imezidi. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, hewa imepungua. Acha samadi na uingize maji mapya.

Udongo unaopendwa na chai huwa na uchachu, na uchachu huo huingia bwawani. Muulize afisa uvuvi wa halmashauri kiasi cha chokaa cha kuweka.

Je, samaki hujipima na chombo?

Wapo wanaosema samaki hukua kulingana na ukubwa wa nyumba yake. Samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa, wanaoitwa mbuna, hufugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani, na huko nako imani hii ipo. Ukweli ni kwamba kwenye chombo kidogo kinyesi hugeuka amonia, maji huwa sumu na samaki hudumaa. Hajajipima, anaumwa. Bwawa dogo lililojaa kupita kiasi hufanya vivyo hivyo.

Jambo la mwisho: usimwage sato mtoni. Mito yetu, ukiwemo Kiwira, huingia Ziwa Nyasa, na sato si wa asili ya ziwa hilo. Huweza kuzaana na perege wa huko na kuharibu mbegu ambayo wavuvi wa Kyela wanaitegemea. Weka wavu kwenye bomba la kutolea maji.

Kabla ya kununua vifaranga, nunua kipimajoto. Pima maji alfajiri na saa tisa alasiri kwa wiki moja, uandike. Namba hizo zitakuambia ujiandae kulisha miezi mingapi.