Same 1945: wageni walioteremka mlimani

Bumu limeingia, mitihani bado iko mbali, kwa hiyo huku bwenini stori ni safari tu. Kuna jamaa wawili watatu wanaota kwenda Hanoi, kule Vietnam. Jiji la watu zaidi ya milioni 8, pikipiki zimejaa barabarani kama siafu, supu ya tambi inauzwa njiani tangu alfajiri... raha tupu! Ila mgeni akishakula hiyo supu, anapelekwa kuona nini? Wengi huenda uwanja wa Ba Dinh, mahali ambapo tarehe 2 Septemba 1945 Ho Chi Minh alisimama mbele ya umati mkubwa akatangaza uhuru. Watu wanatoka mabara mengine kuja kupiga picha pale.

Haya, sasa turudi Bongo. Ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha kwa basi, lazima upite Same. Sisi wengi tunaujua mji ule kwa dirisha la basi: vumbi, jua kali, mkonge, mtu ananunua maji, mwingine anakimbilia kuchimba dawa, dereva anapiga honi, twende. Kulia kwako milima ya Upare imesimama tu. Hakuna anayeshuka kuuliza lolote. Na mwaka ule ule wa 1945, miezi kadhaa kabla ya Ba Dinh, mji huu mdogo ulipokea wageni ambao serikali ya Mwingereza haikuwasahau.

Mnaijua ile stori ya vijiweni kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku? Tunacheka sana. Lakini nikisoma habari za Mbiru naona kama huo utani una babu yake.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilitaka hazina za wenyeji zipate fedha zaidi. Upareni kulikuwa na tawala 9 za machifu, na machifu wakakubali kodi mpya inayopanda kulingana na mali ya mtu. Wakaibatiza jina la zamani, mbiru, ambalo lilihusu kile watu walichokuwa wakimtolea mtawala wao tangu enzi za mababu. Kwenye karatasi inapendeza kabisa: mwenye nacho atoe zaidi, maskini atoe kidogo. Nani atapinga hapo?

Watu walipinga. Na tusikosee hapa, maana ndipo utamu ulipo: hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kichwa, ile ya kiwango kimoja kwa kila mwanamume, walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni kukadiriwa. Mtu anakuja kuhesabu mifugo yako na shamba lako, kisha anakutajia kiasi, na wewe hujui kakipataje. Jirani yako kapangiwa pungufu, au kapangiwa zaidi, na mkadiriaji ni mtu wa chifu. Jina la kale halikuwadanganya. Waliona desturi yao imeazimwa ili kupamba jambo geni.

Januari 1945 wanaume kwa maelfu wakashuka kwenda Same, makao makuu ya wilaya, kumwona Bwana Shauri. Wa Usangi peke yao walikuwa na zaidi ya kilomita 40 za kutembea, kutoka kwenye baridi na migomba mpaka kwenye joto la bondeni. Walipofika hawakurusha mawe. Walikaa. Wakaambiwa warudi makwao, wakakaa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Paulo Mashambo, na kundi lake halikuwa na bunduki wala chama cha siasa. TANU yenyewe ilizaliwa mwaka 1954, miaka 9 baadaye!

Sasa jiulize, wanaume wakiwa Same, mlimani kabaki nani? Akina mama. Kilimo, mifugo, watoto, vyote juu yao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walichoka, wakamkabili ofisa wa serikali alipofika kwao. Madai yao yameandikwa na wanahistoria: amalize mgogoro waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe wote pale! Jamani, hebu vuta picha sura ya yule Mzungu. Ni matusi yaliyopangwa kwa akili sana. Walimwambia hadharani kwamba sera yake imevunja nyumba zao.

Mwaka 1947 serikali ikainua mikono. Mbiru ikafutwa, kodi ya kiwango kimoja ikarudi. Wakulima wa milimani walishinda kwa kukaa chini na kukataa kuondoka.

Sisemi Same ni sawa na Hanoi. Kule nchi nzima ilitangaza uhuru na ikapigana vita vya miaka 30 baada ya hapo. Huku ilikuwa wilaya moja na kodi moja. Lakini swali ni lile lile: nani ana haki ya kuamua juu ya mali yangu bila kunieleza? Na kuhusu hili hatuna kisingizio, maana Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyefundisha Mlimani na kufariki mwaka 2018, aliiandika Mbiru tangu mwaka 1971. Sisi tunapiga desa la Mapinduzi ya Ufaransa mpaka usiku wa manane, Mbiru tunaipitia kwa mstari mmoja.

Kinachoniuma ni hesabu ndogo tu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 baba yake alipokwenda kukaa Same, kama yupo, leo kavuka 90. Vitabu vinaeleza uamuzi wa serikali, ila chakula kilifikaje bondeni, walilala wapi, waliimba nini usiku, hayo yako vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Wenye bibi na babu Usangi, Ugweno, Mbaga, Mamba, Gonja na kwingineko: likizo hii kaeni nao jikoni, makande yakichemka waulizeni. Daftari mkononi. Hanoi haitahama, tutaenda tu Mungu akipenda.

Nawakilisha.