Habari za Neno Pepo

Neno pepo lina herufi nne tu, na mtoto wa darasa la kwanza huweza kuliandika. Walakini ni maneno machache ya Kiswahili yaliyokwenda mbali kama hili na kubeba mizigo inayopingana namna hii. Kwetu ni jina la shetani ampandaye mtu kichwani. Kwa jirani zetu waliotoka Burundi ni baridi ya asubuhi. Kwa Wabemba wa Zambia sauti yake ni sauti ya sala. Na kwa Waherero wa Namibia ndilo jina la Roho Mtakatifu mwenyewe. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi mambo haya yalivyotokea, maana hapa Nsemulwa, na Mpanda yote, tumechanganyika watu wa lugha nyingi. Wengine waliletwa na kazi ya machimbo, wengine na reli iliyofika kutoka Kaliua mwaka 1950, wengine walikimbia vita. Na mara nyingi mtu humhukumu mwenzake kwa sauti aliyoisikia, kabla ya kuuliza maana yake.

Kwanza tulitazame katika Kiswahili chenyewe. Tukisema "pepo zavuma", huo ni wingi wa upepo, kama vile kaskazi na kusi, pepo zilizoleta majahazi ya Waarabu pwani na kuyarudisha kwao kila mwaka. Tukisema "pepo amempanda", huyo ni shetani. Tukisema "pepo hiyo ni njema", twataja makao ya raha ya wafu waliokubaliwa na Mungu. Sauti ya neno haikubadilika hata kidogo. Viambishi tu ndivyo vinavyotuonyesha njia. Hapo mwanafunzi huona faida ya sarufi, ambayo wengi hudhani ni adhabu iliyobuniwa na walimu. Tena kuna ajabu kubwa zaidi. Kupunga upepo ni kukaa barazani jioni, mwili ukapoa. Kupunga pepo ni kumchezea mgonjwa ngoma ili shetani amtoke. Herufi moja ikianguka, mtu ametoka barazani kwake akaingia kilingeni kwa mganga.

Katika maana hizo zote, iliyotangulia ni ile ya upepo. Ushahidi ni jamaa za neno: kupepea moto, kupepeta mpunga, majani kupeperuka, na kipepeo arukaye juu ya maua. Wote hao ni watoto wa hewa inayokwenda. Hapana hata mmoja aliye mtoto wa shetani. Na neno lenyewe ni la kale kupita Kiswahili. Mtaalamu Bleek, aliyeanza kuchapisha sarufi yake ya kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika mwaka 1862, na baada yake Meinhof, katika kitabu cha mwaka 1899, walionyesha kwamba lugha nyingi mno, toka Kameruni hata Afrika ya Kusini, ni za mama mmoja. Leo wataalamu husema kwamba wazee wa lugha hizo walianza kutawanyika kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni, yapata miaka 4000 hadi 5000 iliyopita. Walichukua mbegu zao na vyungu vyao, wakachukua na maneno yao, na hili letu likiwa mojawapo.

Wale waliofika Malawi hata sasa huita upepo mphepo, na Washona wa Zimbabwe husema mhepo. Lakini upepo huleta ubaridi, na mahali pengine jina la mletaji likawa jina la kitu alicholeta. Wabemba huita baridi impepo. Wanyamwezi na Wasukuma husema mbeho, na Warundi imbeho. Asubuhi ya mwezi wa saba, mzee wa Katumba akijifunika blanketi na kutaja imbeho, Mswahili hawezi kufikiri kwamba neno hilo ni ndugu wa pepo, kwa maana sura yake imegeuka. Nalo limegeuka kwa kanuni, wala si kwa kubahatisha. Sauti mbili kavu, kama p, t au k, zikifuatana katika neno, baadhi ya lugha hulegeza ile ya kwanza. Sisi twasema tatu. Mnyamwezi husema -datu. Sisi twasema kutema. Mrundi husema gutema, walakini kugenda kwake hubaki kugenda, kwa sababu g si sauti kavu. Vivyo hivyo mpepo ya kale ikawa mbepo, kisha p iliyobaki ikawa h, kama vile kupa kwetu kulivyo guha kwao. Aliyetambua kanuni hii ni Edmund Dahl, mmisionari wa Moraviani aliyefanya kazi Unyamwezi, jirani yetu hapa kaskazini. Mwaka 1903 Meinhof akaipa jina la Dahl, na mpaka leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani hujifunza kanuni ya Dahl, na kwa kufanya hivyo hujifunza vinywa vya Wanyamwezi.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Upepo hauonekani, lakini huangusha mti. Pumzi haionekani, lakini ikimtoka mtu amekufa. Basi si ajabu kwamba mataifa mengi yalipotafuta jina la kitu kisichoonekana chenye nguvu, yaliomba msaada kwa upepo. Neno la Kiebrania la Agano la Kale, ruah, ni upepo, tena ni pumzi, tena ni Roho. Neno la Kiyunani la Agano Jipya, pneuma, ni hivyo hivyo. Kiarabu kina ruh, roho, na rih, upepo, nayo ni maneno ya ukoo mmoja. Wazee wetu walifikiri kama wengine, wakaita visivyoonekana pepo.

Lakini pwani neno hili lilikuwa limekwisha kushikwa na waganga. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, walilikuta katika ngoma za kupunga wagonjwa. Tena Waislamu wa pwani walikuwa na neno roho tangu zamani, limetoka katika ruh ya Kiarabu. Basi waliotafsiri Maandiko kwa Kiswahili wakachukua roho kwa ajili ya Roho Mtakatifu, na pepo wakawaachia wale wachafu waliotolewa na Yesu. Naona walifanya vema, ingawa roho yenyewe haikuwa safi kabisa: mlafi nasi twamwita mroho.

Hata hivyo tulipoteza kitu. Katika sura ya tatu ya Yohana, Yesu akizungumza na Nikodemo usiku, alimweleza Roho kwa mfano wa upepo uvumao pasipo mtu kujua utokako wala uendako. Katika Kiyunani hapo pana neno moja tu, pneuma, linalosimama mahali pa upepo na mahali pa Roho, na msikilizaji huona mara moja jinsi yalivyofungamana. Sisi tunasoma upepo, halafu tunasoma Roho, na mwalimu hana budi kueleza. Mherero haelezwi. Katika lugha yake upepo ni ombepo, na Roho Mtakatifu ni Ombepo Ondjapuke. Wandonga wa kaskazini mwa Namibia, waliofikiwa na wamisionari Wafini mwaka 1870, nao husema Ombepo. Na Wakongo wa karibu na bahari ya Atlantiki humwita Roho Mpeve, neno la shina hilo hilo. Ndugu hawa wakisimama katika kanisa letu na kusali kwa lugha yao, wako wazee ambao wangetoka nje kwa hofu.

Wala si Waherero peke yao. Wakatoliki wa Burundi humwita Roho Mtakatifu Mutima Mweranda. Na mutima ni moyo, kwa hiyo mgeni hudhani wanataja Moyo Mtakatifu. Waprotestanti wao husema Mpwemu Yera, yaani pumzi takatifu. Na Wakristo wa Malawi husema Mzimu Woyera. Mzimu! Hapa kwetu mzimu ni kama Katabi, aliyetolewa sadaka chini ya mkwaju karibu na ziwa, ambaye jina lake limekuwa jina la hifadhi ya wanyama, na tangu mwaka 2012 ni jina la mkoa wetu. Kila kundi la watafsiri lilikuta maneno yaliyokwisha kutumika, likachagua lile ambalo watu wake wangeweza kulisafisha.

Na Kiswahili hakikumtupa pepo kabisa. Mwizi msalabani, katika Luka, aliahidiwa kuwa peponi. Hivyo katika kitabu kimoja cha Biblia yetu ya mwaka 1952, pepo ni yule aliyemtesa mtu makaburini, na pepo ni mahali alipoahidiwa mwizi. Mimi nafikiri maana hii ya pili ilizaliwa na joto la pwani. Mtu aliyekwisha kulima juani mchana kutwa hahitaji kuambiwa kwa nini raha ya milele iitwe mahali pa upepo mwanana.

Kosa la karibu nasi zaidi ni lile la Kibemba. Kwa lugha hiyo kusali ni kupepa, sala ni ipepo, na sala nyingi ni amapepo. Kwa miaka mingi meli Liemba ilipeleka watu baina ya Kigoma na Mpulungu kule Zambia, na wageni walishuka katika bandari za ziwa letu. Mbemba akisema Jumapili kwamba anakwenda kwenye amapepo, Mswahili husikia mapepo. Mwenye busara atacheka, kisha atauliza. Asiye na busara atakwenda kunong'ona kwa majirani kwamba mgeni huyu ana ngoma ya mashetani nyumbani, na katika nchi ambayo watu wameuawa kwa neno la uchawi tu, mnong'ono wa namna hiyo si mchezo.

Liko na neno jingine lililodhuru watu bila mgeni yeyote kuwapo, nalo ni pepopunda. Mtoto mchanga aliyezaliwa salama, baada ya siku chache hushindwa kunyonya. Taya hukaza, mgongo hupindika kama upinde, na akiguswa hushtuka. Watu walisikia pepo katika jina la ugonjwa, wakampeleka kwa mpunga pepo, na mtoto akafa ngoma zikilia. Kumbe kinacholeta ugonjwa huo ni vijidudu vya udongoni na katika mavi ya wanyama, viingiavyo kwa kidonda, na kwa mtoto mchanga huingia kwa kitovu kilichokatwa na wembe mchafu au kupakwa kitu kichafu. Mama akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto tumboni kabla hajazaliwa. Chanjo hiyo kliniki huitwa chanjo ya pepopunda, maana jina halikubadilishwa. Mkunga akimwambia mama kwamba leo atachomwa sindano ya pepopunda, na mama akaonekana kusitasita, yafaa amweleze papo hapo kwamba pepo huyo hupatikana katika udongo, hana masikio ya kusikia ngoma, na wembe mpya uliochemshwa humzuia mlangoni.