Vijiji Vilivyoungana katika Ufaransa

Karibu na mji wa Verdun, upande wa mashariki wa Ufaransa, viko vijiji 6 visivyokaliwa na mtu hata mmoja. Viliangamizwa kwa mizinga katika mapigano ya mwaka 1916, na leo miti imeota mahali palipokuwa na nyumba. Hata hivyo, msomaji wangu, kila kimoja kingali na jina lake katika daftari za dola, na mtu aliyeteuliwa kushika kazi ya meya. Ukilifahamu jambo hilo, utafahamu kwa nini ni shida kumshawishi Mfaransa wa shamba akubali kijiji chake kiunganishwe na cha jirani.

Kijiji au mji wenye serikali yake huko huitwa komuni. Asili ya nyingi katika komuni hizo ni parokia za kale, yaani watu waliosikia kengele moja na kuzikana pamoja. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1789, mjumbe mmoja, Thouret, alishauri nchi igawanywe katika komuni kubwa 720 tu. Wengine, Mirabeau akiwa miongoni mwao, waliukataa mpango huo wa kupima nchi kwa rula; na sheria ya Desemba mwaka ule ikakipa kila kijiji baraza lake. Zikapatikana komuni zipatazo 44,000. Mwaka 1792 zikakabidhiwa daftari za kuzaliwa, ndoa na vifo, zilizokuwa mikononi mwa makasisi. Basi tangu hapo ofisi ya kijiji ndiyo iliyomwandika mtu alipozaliwa, ikamfungisha ndoa, na ikamfuta alipokufa.

Walakini watu walipungua. Vijana walifuata kazi mijini, kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikaua Wafaransa wapatao 1,400,000. Karibu kila komuni ilisimamisha nguzo yenye majina ya wafu wake, na katika vijiji vingine majina hayo ni mengi kiasi cha kumshangaza mgeni anayetazama nyumba chache zilizopo. (Laiti mwanafunzi wa historia angeanza kusoma hapo kabla ya kufungua kitabu!) Waliobaki walihitaji barabara, maji na shule kama watu wengine, lakini kodi ya watu 80 haitengenezi barabara ndefu.

Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kuhimiza muungano. Haikufaulu sana; na baadhi ya vijiji vilivyoungana viliachana baadaye, kama mume na mke walioozwa kwa haraka. Sheria ya mwaka 2010 ilikuwa na hekima zaidi, kwa kuwa iliruhusu kijiji cha zamani kubaki na jina lake, ofisi yake ndogo, na naibu mwenye cheo cha meya. Mwaka 2015 ikaongezwa ahadi kwamba komuni zitakazowahi kuungana hazitapunguziwa ruzuku kwa miaka 3. Fedha zilisema kwa sauti kubwa kuliko hotuba. Komuni zilikuwa 36,658 mwanzoni mwa mwaka 2015. Kufikia Januari 2019 zilikuwa chini ya 35,000.

Katika jimbo la Calvados, nchi ya malisho na jibini, komuni 22 ziliungana tarehe 1 Januari 2016, zikawa moja iitwayo Livarot-Pays-d'Auge. Hebu ujiweke mahali pa mkulima wa huko. Kijiji cha watu 300 kilikuwa na madiwani 11. Aliyekuwa na shauri la mfereji au taa alimkuta diwani njiani. Baada ya muungano kijiji kama hicho hupata viti vichache katika baraza kubwa, pengine kisipate hata kimoja. Naona wanaounga mkono muungano wana haki katika hesabu zao. Lakini umbali huo mpya hauonekani katika hesabu.

Na hofu ya wanaokataa si ya bure. Sheria ile ile iliyokihifadhia kijiji jina na naibu wake yaliruhusu baraza la komuni mpya kuufuta unaibu huo kwa kura, na baadhi ya mabaraza yamekwisha kufanya hivyo.